Mikono Ndani ya Koti la Mjomba

Mjomba alikuwa amewaambia watu wa magazeti ya ng'ambo kwamba kila fundo katika mapazia yake hulifunga mwenyewe, tena akiwa amefunga kula. Hiyo ya kufunga kula ndiyo iliyomchekesha zaidi mkewe, kwa sababu siku ya mahojiano alikula mara tatu na kukomba sufuria.

Mapazia yenyewe yalitengenezwa bandani, nyuma ya nyumba. Mkaza mjomba alikata makopo matupu kwa mkasi wa bati na kuyanyoosha kwa nyundo. Mimi nilitoboa vipande kwa msumari na kuviunga kwa waya wa shaba tulioutoa kwenye mota zilizoungua. Mjomba alikaa kitini akitafuta jina la kazi. Sisemi kwamba hiyo si kazi. Pazia tuliloliita sisi "lile la nyanya" yeye aliliita "Bara Linavuja", na makumbusho makubwa ya ng'ambo yakalinunua. Katikati lilikuwa na tundu la kupita mbuzi. Bingwa mmoja wa huko aliandika kurasa kumi na moja kuhusu tundu lile, akisema ni pengo la historia yetu. Makopo yalikuwa yameisha na lori lilikuwa linapiga honi nje.

Fundo lilikuwa langu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini fundo lile nililibuni mwenyewe, baada ya waya kunikatikia miezi miwili mfululizo. Linashika pembe nne kwa mpigo mmoja. Sikumwambia mtu. Mimi hata kuomba kupishwa mlangoni huona taabu. Husimama hapo hapo mpaka watu wahame wenyewe.

Asubuhi moja makumbusho wakapiga simu. Pembe ya pazia ilikuwa imefumuka, na ukumbi ungefunguliwa Jumamosi. Mafundi wao walikuwa wamejaribu kuiunga wakashindwa. Siku hizi hata wanafunzi wa sanaa wa kule wanaokota makopo mapipani waunge mapazia kama yetu, na yao yanamwagika baada ya wiki. Kwa hiyo walimwomba Profesa, kama wanavyomwita, ingawa hajafundisha hata kuku kuingia bandani, awaonyeshe fundo kwa simu ya video saa nne. Wangelichora na kulitia kwenye kitabu cha mafundi wa makumbusho wa dunia nzima, kwa jina lake. Asipoweza, pazia lingeshushwa na kufungiwa sandukuni, na watu wangeanza kuuliza nani hasa aliyelifunga.

"Nifundishe," mjomba aliniambia.

Nilimfundisha saa nzima. Alijichoma mara nne, akaulaumu waya.

"Labda waya nao umefunga kula," mkewe alisema.

"Mama, huu si wakati wa mzaha."

"Wewe mtu unavaa viatu visivyo na kamba. Fundo utaliweza wapi?"

Mjomba akawaza, kisha akaniangalia mikono. "Mpwa wangu, utakaa nyuma yangu. Utapitisha mikono yako kwenye mikono ya koti langu. Wewe utafunga, mimi nitazungumza."

"Na jina la kwenye kitabu?" mkaza mjomba aliuliza.

"Hilo tutaliangalia baadaye."

"Baadaye yako naijua. Jiko uliloniahidi siku ya harusi bado nalisubiri."

Mimi nilitazama chini. Nilitaka kusema jambo moja tu, kwamba fundo ni langu na liandikwe hivyo. Lilifika kooni, likarudi lilikotoka.

Saa nne nilikuwa kwenye kigoda nyuma ya mjomba, uso umebanwa mgongoni mwake, napumua dawa ya nondo. Mikono yake mwenyewe aliikunja kwa nyuma, ikanichoma tumboni. Mkaza mjomba alishika simu. Sikuona kitu, nilisikia tu sauti mbili: ya fundi wa makumbusho, mwanamke, na ya mkalimani wake, mwanamume mpole aliyeisema lugha yetu vizuri.

"Fundo hili," mjomba alianza, "ni kilio cha bara zima."

Kwa kawaida akisema hivyo hurusha mikono huku na huku. Safari hii kichwa kilinguruma huku mikono imelala mezani kama ya mgonjwa anayesubiri sindano. Mkaza mjomba akanikanyaga mguu nichangamke. Nikainua mkono mmoja, nikampiga mjomba kidevuni.

"Uchungu huwa unanijia hivyo," alieleza.

Nikafunga mafundo matatu. Macho siyahitaji. Kisha ikawa zamu ya fundi, na nikausikia waya wake ukikatika. Akajaribu tena, ukakatika. Mara ya tatu nilisikia anasaga meno. Ile sauti ya waya kukatika naijua, nimeishi nayo, na sikuweza kuivumilia mara ya nne.

"Mwambie alegeze kwanza," nilisema.

Kisha mkalimani akauliza, "Profesa, nani huyo?"

"Mababu," mjomba alijibu. "Huwa wananitembelea nikiwa kazini."

Mkalimani akatafsiri. Nikasikia kalamu ikiandika.

"Waya wa kushoto upite chini," niliendelea, kwa kuwa maji nilishayavulia nguo. "Auzungushe mara mbili. Asivute kama anavuta ng'ombe. Abane na koleo, halafu aachie."

"Mababu walikuwa na koleo?"

"Walikuwa na kila kitu," mjomba alisema. "Tuliibiwa."

Safari hii waya haukulia. Upande wa pili watu wakapiga makofi.

"Fundi anashukuru," mkalimani alisema. "Anauliza, mababu wamelitumia fundo hili tangu karne gani? Ndiyo anayoiandika sasa hivi kwenye kitabu."

Mgongo wa mjomba ulijaa pumzi. Nilijua angetaja karne, na nilijua angetaja ya mbali. Ikishaandikwa, imeandikwa.

"Tangu mwaka juzi," nilisema. "Nililibuni mimi. Nimekaa nyuma yake."

Nikachomoa mikono yangu. Mikono ya koti ikanywea, mjomba akabaki mbele ya simu kama nguo iliyoanikwa. Nilisimama. Kwenye kioo cha simu palikuwa na mama wa makamo mwenye miwani, plasta kwenye vidole viwili. Aliniangalia, akasema kitu.

"Anauliza," mkalimani alisema, "mwanzoni ulifanyaje waya usikukate?"

"Ulinikata." Nikainua viganja vyangu nikamwonyesha makovu. Naye akaonyesha plasta zake.

"Anaomba jina lako aliandike."

Nikalitaja. La kwangu, la baba, la babu, kisha nikaongeza la mama, hakuna aliyeniuliza. Nilitaja kwa sauti kubwa hata mkaza mjomba akashusha simu kidogo.

Mjomba alikuwa bado anahangaika kurudisha mikono yake kotini. "Andikeni pia," alisema, "kwamba mjomba wake ni mimi."

"Tukuandike kama nani, Profesa?" mkalimani aliuliza. "Kama mbunifu mwenza?"

"Kama mjomba," mkewe alimjibia. "Hiyo anaiweza."