Chupa ya Kifuniko cha Zambarau

Dada yangu alisoma udaktari miaka mitano, akafanya mazoezi hospitalini mwaka mzima, na sasa yuko mwaka wa tatu wa ubingwa wa patholojia ya kemikali: kuusaka ugonjwa wa mtu kwenye chumvi na sukari za damu na mkojo wake. Nyumbani nilimwita Bingwa wa Mikojo. "Miaka yote hiyo, na wagonjwa wako wote wamo kwenye vichupa!" Baba alicheka mpaka akapaliwa. Dada aliendelea kula.

Mimi nina kidato cha nne na kozi ya miezi sita. Natoa damu wodini, hospitali hiyohiyo.

Jumatatu, mishipa ya mama wa kitanda cha sita ilinikimbia. Chupa ya kifuniko cha zambarau ilijaa, ile ya kifuniko chekundu ikapata matone tu. Nikaona uvivu kumchoma tena. Nikamimina kidogo kutoka zambarau kwenda nyekundu. Damu si damu?

Saa tano simu ya wodi ikalia. Dada.

"Damu ya kitanda cha sita umeichukuaje?"

"Kwa sindano, Bingwa. Ulitaka kwa kijiko?"

Hakucheka. "Potasiamu tisa, kalsiamu karibu hakuna. Mwenye damu hiyo angekuwa ameshakufa. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya zambarau ndiyo inayoleta majibu kama haya. Ulimimina?"

"Mimi? Labda mashine yenu imelewa."

"Mdogo wangu, nisikilize. Majibu yameshafika kwa daktari wa wodi. Atamchoma insulini kushusha potasiamu, na huyo mama haihitaji. Inaweza kumuua."

Nikageuka. Daktari alikuwa kitanda cha sita, anagongagonga bomba la sindano litoke mapovu.

"Daktari, usimchome! Nilichanganya damu. Ni mimi."

Wodi nzima iligeuka. Daktari akaiweka sindano chini, taratibu. Yule mama akaninyooshea mkono mwenyewe. "Chukua nyingine, mwanangu."

Heri angenitukana.

Jioni, Baba akauliza, "Leo humchokozi Bingwa wa Mikojo?"

Nikaikodolea macho sahani. Dada akanisogezea maji.

"Mwache, Baba, kachoka. Leo kamtoa mgonjwa mmoja damu mara mbili."

Baba akacheka, peke yake.