Kona ya Kijani

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, Mama Rangi hupanda stuli na kuipaka rangi ramani ya nchi iliyoko ukutani. Wilaya yenye wagonjwa wengi wa kifua huipaka nyekundu, yenye wachache njano. Isiyoleta taarifa huipaka kijani, maana ofisi yao ya afya ina kanuni yake: aliyenyamaza ni mzima. Mitungi ya oksijeni hupelekwa kwenye nyekundu.

Baridi ilipoanza, ramani ikaanza kukohoa. Ilikohoa kwenye kona ya juu, kijani kitupu, na kila ikikohoa chokaa ilidondoka. Watu wakafunika vikombe vyao kwa visahani, kazi ikaendelea.

"Bosi, hiki kikohozi ni cha kaka yangu," alisema Mama Rangi. "Kina filimbi mwishoni. Tumelala chumba kimoja utoto mzima, siwezi kukikosea."

Kaka yake ndiye tabibu pekee wa wilaya ya kona ile, na taarifa alikuwa akiandika yeye.

"Mpe pole. Lakini kikohozi si taarifa. Si aandike?"

"Ataandikaje na yeye ndiye mgonjwa? Wifi yangu kanipigia, anasema watu wamejaa mpaka barazani."

"Wifi yako si mtumishi, mama. Nikipeleka mitungi kwenye kijani nitaulizwa."

Dereva wa lori la mitungi, aliyekuwa mlangoni akingoja safari, akaguna. "Mama, unampigia mbuzi gitaa. Ipake nyekundu nishushe, njia yangu si inapita palepale?"

Bosi aliporudi ofisini kwake, Mama Rangi akaipaka nyekundu. Ramani ikapumua vizuri hadi mchana, bosi alipoiona. Akaamuru irudishwe kijani, na kwa kuwa kelele zilisumbua vikao, ile kona ikavalishwa barakoa.

Lori likaondoka. Likapita katikati ya kijani bila kusimama, likienda kwenye nyekundu ya mbele.

Ijumaa, watu wakiwa kwenye chai, kikohozi kikaanza kama kawaida, kikakatika kabla ya filimbi. Mama Rangi akangoja. Wengine wakafunua vikombe.

Bosi akatoka ofisini kwake, akaivua ramani barakoa, akatega sikio.

"Si nilikwambia?" akasema. "Imepona."

Jumatatu Mama Rangi akapanda stuli. Kona ya juu haikuleta taarifa. Akachovya brashi kwenye kijani, na mkono wake ulipogusa pale, ukuta ulikuwa wa baridi.