Alama kwenye Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mwihaki hakuwa na mume. Hakuwa na hati ya mshahara, kwa hiyo benki mbili zilimpa kiti, zikampa maji ya kunywa, kisha zikamrudisha nyumbani. Hakuwa na gari la kuzungukia mitaa, wala ndugu katika ofisi za ardhi, wala shamba la kurithi, maana marehemu babake aliwagawia wana wa kiume peke yao. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hata kimo hakuwa nacho. Mawakala wa nyumba walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba mnunuzi amesimama nyuma yake. Alichokuwa nacho ni binti mmoja aitwaye Cate, akiba ya miaka kumi na tisa katika sako, chama cha kuweka na kukopa, na vidole kumi vya kusukia nywele pale Kenyatta Market.

Kitu kingine alichokosa, nilivyoamini mimi, ni mshauri. Nafasi hiyo niliijaza mwenyewe. Mimi, Kivuva, nimekuwa fundi wa mabomba miaka arobaini na mmoja. Niliingia darasani nikiwa na miaka ishirini na sita, shule ya jioni, mikono ikinuka gundi ya mabomba, na tangu hapo sijaacha kusoma. Sheria za ardhi nimezisoma kwa penseli mkononi. Nilipozibua mtaro wa saluni yake mwaka juzi, Mwihaki aliniuliza maswali mengi kuhusu nyumba kuliko kuhusu mtaro, nikajua ana jambo moyoni.

Nikampa maarifa yangu. Nyumba haitazamwi siku ya jua. Nenda mvua ikinyesha uone maji yanapokimbilia. Fungua mifereji yote kwa pamoja, maana mfereji mmoja humdanganya mtu. Muulize jirani, si muuzaji, maji ya kaunti huja siku gani. Lipa mpimaji akuonyeshe mawe ya mipaka kwa macho yako. Na kabla ya kutoa hata senti, peleka nambari ya hati kwenye rejista ya ardhi wakuambie mwenyewe ni nani.

Alinisikiliza kama mwanafunzi mwema. Nyumba tatu tulizikataa kwa kufuata maneno yangu, na nilijisikia mtu mkubwa.

Ya nne ilikuwa Mountain View, hatua chache kutoka Waiyaki Way. Nyumba ndogo ya vyumba vitatu, paa la vigae, mparachichi mmoja nyuma. Muuzaji aliitwa Jamleck Muigai, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, viatu vimepigwa rangi. Rejista ilionyesha jina lake peke yake. Hakuna mkopo, hakuna zuio, kodi ya ardhi imelipwa. Jamleck alituambia hajawahi kuoa, na wakili wake alikuwa tayari ameandika kiapo kinachosema hivyo. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kutia saini.

Jumamosi asubuhi mapema tukaenda kutazama mara ya mwisho, mvua ya Aprili ikimwagika. Nilipanda darini, nikagonga, nikanusa, nikafungua mifereji yote. Maji yalitoka kwa nguvu. Dari kavu. Nikashuka nikipangusa mikono.

Mwihaki alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, mkoba wake kifuani. Akavua viatu. Akatembea pole pole kwa soksi, akigusa kila fremu ya mlango.

"Mzee Kivuva," akasema kwa sauti ya chini, "mtu anaamka hapa asubuhi na hakuna mtu wa kumwambia atoke?"

"Hakuna."

"Hata mwisho wa mwezi?"

"Hata mwisho wa mwezi, Mama Cate."

Akacheka, machozi yakimlenga. Alikuwa amehamishwa mara saba. Mimi mwenyewe nililazimika kutazama dirishani.

Katika chumba cha nyuma ndipo nilipoona doa. Lilikuwa kando ya dirisha, la mviringo, upana wa sahani, limekoza kuliko rangi ya ukuta. Nilifurahi, nisiseme uongo, kwa sababu nilikuwa na jambo la kumwonyesha.

"Unyevu," nikasema. "Bomba la bafu linapita nyuma hapa. Linavuja. Sasa tutamwambia apunguze bei."

Nikaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza. Mwihaki alichuchumaa karibu yangu. Hakugonga. Alipitisha ncha za vidole juu ya doa, taratibu, kama anavyotafuta njia katika nywele za mteja. Kisha akanusa vidole vyake.

"Mzee, maji yanavuja halafu juu kukavu, chini kukavu?"

Nikapapasa juu ya doa, kisha chini. Kweli, kukavu.

"Hii si bomba. Hii ni kichwa."

"Kichwa?"

"Mafuta ya nywele. Kuna mwanamke alikuwa anakaa hapa kwa stuli. Ukisukwa mpya, kichwa kinauma, unaegemea." Akaketi sakafuni, kisha akainuka kidogo mpaka kimo cha stuli, akageuza shavu. Kichwa chake kilifika karibu na doa, lakini chini yake kiasi cha vidole vinne. "Ni mrefu kuliko mimi. Na hii si ya wiki moja. Mafuta kuingia kwa rangi hivi ni miaka."

Kisha akapapasa ukingo wa dirisha, akabandua kwa ukucha kitu cheusi, kidogo kama punje ya ulezi. Akaniwekea kiganjani.

"Ncha za nywele za bandia. Ukimaliza kusuka unazichoma na moto zisifumuke. Zinadondoka, zinaganda. Hesabu, mzee. Zimejaa hapa."

Nilizitazama. Zilikuwa nyingi, mstari mzima, na mimi nilikuwa nimeweka kiwiko changu juu yake dakika mbili nzima. Nimeingia nyumba nyingi Nairobi nzima, nikajidai nasoma kuta. Siku hiyo niliona mtu anayezisoma.

Jamleck, aliyekuwa akitungoja barazani, akaingia akitabasamu. "Sasa Mama Cate, umeridhika?"

"Jamleck, nani alikuwa anasukwa hapa?"

"Wapi?"

"Hapa."

Akatazama doa. "Ah, huyo ni sista yangu. Alikuja likizo."

"Likizo ya miaka mingapi? Mimi ni msusi, usinichezee. Hii ukuta imekula mafuta ya mtungi mzima."

Jamleck alijaribu kucheka. Kisha akageuza ndoo iliyokuwa pembeni, akaikalia, akashika magoti. Mvua ilizidi juu ya vigae.

"Anaitwa Debra," akasema. "Tuliishi hapa miaka nane. Aliondoka mwaka juzi tukigombana. Lakini hatukuwa na harusi, hatukuwa na cheti. Ilikuwa ngurario tu."

"Tu?" Mwihaki akasema. "Mlikata kiande?"

"Tulikata."

"Wazee wa pande zote mbili walikuwa?"

"Walikuwa."

Sikuhitaji kufasiriwa. Kwa Wakikuyu, ngurario ndiyo harusi ya kimila: bwana na bibi harusi wakishakata kiande, bega la mbuzi, mbele ya wazee, hao ni mume na mke. Sheria ya nchi nayo inaitambua ndoa hiyo, na inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila mke kuridhia. Jamleck alidhani pasipo karatasi hapana mke. Na rejista, ambayo mimi niliiamini kama macho yangu, haijui habari za mbuzi.

"Mama Cate," Jamleck akasema, "wewe saini Jumatatu tu, uingie. Kuna jamaa wa Westlands anangoja, na yeye haangaliangi kuta."

Sasa niseme jambo linaloniaibisha. Nilimvuta Mwihaki kando, nikamnong'oneza: "Kiapo ni chake. Dhambi ni yake. Wewe hukujua."

Alinitazama kwa huruma, mimi niliyesoma.

"Lakini najua, mzee. Nitakaa kwa hii chumba aje, mwenyewe akiwa huko nje hajui nyumba yake imeuzwa? Mimi ndiye nimetolewa kwa nyumba za watu mara saba." Akamgeukia Jamleck. "Nipe namba ya Debra."

"Alibadilisha laini. Nasikia anafundisha watoto wa nasari Nyahururu, barua zinapitia sanduku la kanisa."

"Nipe hilo sanduku. Na wewe ngoja wiki mbili."

"Kungoja siahidi," Jamleck akasema, bila ukali. Lakini aliandika anwani.

Mwihaki akavaa viatu. Mlangoni aliweka kiganja chake chote juu ya ukuta, akakiacha hapo kidogo, kisha akafungua mwavuli.

Tulifika posta kuu mjini ikikaribia saa tano na nusu, kabla hawajafunga, maana Jumamosi hufunga adhuhuri. Nikamwambia nimwandikie, maana mwandiko wangu husifiwa. Akakataa. Akaandika mwenyewe, amesimama kaunta, ulimi ukionekana kando ya mdomo:

"Kwa Debra. Hunijui. Mimi ni Mwihaki, msusi wa Kenyatta Market. Nataka kununua nyumba yenu ya Mountain View, na Jamleck anauza bila kukuambia. Nimejua uliishi hapo. Kama unakubali, niambie kwa mkono wako mwenyewe, wakili aandike na jina lako, upate haki yako. Kama hukubali, usiogope, nitatafuta ingine. Lakini fanya haraka, kuna mwingine anayetaka na yeye hatakuandikia. Namba yangu ya simu iko hapa chini."

Aliniuliza jambo moja tu: kama "haki" inatosha, au aandike neno kubwa zaidi. Nilimwambia inatosha.

Akaikunja mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalowesha gundi kwa ulimi, akaipitishia kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Karani alipiga muhuri wa barua ya rejista, akampa risiti, akaitupa barua katika mfuko wa Nyahururu.