Kiti cha Mbele cha Salumu

Uvumi ulianzia kisimani Mpapura: lori la korosho la Salumu, linalobeba watu bure hadi Mikindani, ni la mumiani, wanyonya damu. Mwanakombo aliusikia akiwa na ndoo kichwani, na tangu hapo haukumtoka. Lakini nauli ya basi ilikuwa imepanda, na binti yake Zuhura, mwenye miaka kumi na tisa, alibakiza miezi miwili tu kumaliza kujifunza cherehani kwa shangazi yake huko.

"Bure ni bure, dada," alimwambia jirani yake Halima. "Ningekuwa na amri, hata basi lingekuwa bure."

"Basi likiwa bure, serikali italipa. La huyu nani analipa?"

Kisha Halima akacheka mwenyewe: "Panda tu. Damu yenyewe unayo wapi?"

Jumatatu Mwanakombo akamsindikiza binti yake. Akatoa nauli, Salumu, aliyekuwa kwenye usukani, akamrudishia.

"Kanunulie chumvi, mama. Binti akae mbele, huko nyuma vumbi."

Mwanakombo akapanda nyuma, juu ya magunia, apate kupekua. Akafunua turubai, akanusa madebe, akatafuta chupa na sindano. Korosho tupu. Jumatatu ya pili vilevile. Ya tatu alishuka moyo umetulia, nusura amwombe Salumu radhi.

Ijumaa akaja mshenga, Mzee Issa, akavua makubazi mlangoni.

"Salumu anauliza mahari. Binti amekwisha pokea mara tatu, nawe ulikuwepo, hukukataa."

Mwanakombo akazihesabu zile Jumatatu kwa vidole: tatu. Kwao, mwali akipokea zawadi ya mwanamume mara tatu mbele ya mama yake, posa imekubaliwa. Na yeye muda wote alikuwa akikagua magunia, kumbe zawadi ni kile kiti cha mbele.

"Mama, mimi simtaki," Zuhura alisema taratibu. "Ana wake wawili."

Mwanakombo akaenda bandani, akarudi na kuku wake wote watatu, wamefungwa miguu.

"Kila safari kuku mmoja, ndiyo nauli. Mwambie tulisafiri, hatukuposwa."

Mzee Issa aliwatazama kuku, akamtazama mama, akawabeba. Zuhura akamaliza kujifunza cherehani akienda kwa basi, na bandani hakuwika jogoo tena.

Basi, mwenye binti aepuke haya:

Kupanda gari la mwanamume anayekataa nauli.
Kumwacha binti mbele, mama ukakaa nyuma.
Kupokea mara ya pili kabla hujauliza sababu ya ile ya kwanza.
Kushughulika na maneno ya kisimani ukaacha kumtazama dereva.