Wimbo wa Kumkamulia Karembo

Kaari wa Mitunguu alijirekodi akimkamua ng'ombe wake, Karembo, huku akimwimbia wimbo aliorithi kwa nyanya yake, maana Karembo hatoi maziwa bila kuimbiwa. Watu waliipenda sana video hiyo. Kisha asubuhi moja akaikuta imeondolewa mtandaoni. Eti wimbo ni mali ya Munyi, prodyusa wa nyimbo za injili kule mtaa wa Dallas, mjini Embu.

"Mimi niibe wimbo wa nyanya yangu mwenyewe?" Kaari alimfokea kwenye simu. "Njoo useme hayo mbele ya ng'ombe."

Kesho yake Munyi akafika, viatu vinang'aa, adabu tele. "Mama, ni mashine ya mtandao hulinganisha sauti, ikatuma malalamiko kwa jina langu. Wimbo huo niliurekodi na kwaya."

"Basi mwimbie," Kaari akasema, akampa kigoda na ndoo.

Munyi akaimba. Kuimba anajua, hilo hatumnyimi. Karembo akamgeukia, akamtazama, kisha akaipiga ndoo teke ikabiringika hadi kwenye migomba. Majirani wakavunjika mbavu. Kaari akaiokota ndoo, akaketi, akaimba polepole kwa Kimeru, na maziwa yakamiminika yakitoa povu.

"Nyanya yangu alizaliwa huku," Munyi akasema. "Ndiye aliyenifundisha wimbo huu." Akatoa simu, akayafuta malalamiko yake palepale.

"Basi alikufundisha nusu," Kaari akamwambia, akimsogezea kigoda. "Keti."