Kona ya Kilomita Arobaini na Moja

Kiharusi kilimwachia baba mkono wa kushoto na neno moja tu, "basi". Ukimpa chai, basi. Ukimfunga vifungo, basi. Na huyu ndiye aliyekuwa akitufokea mpaka majirani wanafunga madirisha.

Muuguzi aliposikia kwamba baba alipaka rangi alama za barabarani miaka thelathini na mmoja, alishauri aeleze maisha yake kwa alama hizo hizo. Nilimwona ana mchezo, ila nikanunua karatasi nyembamba na kalamu za rangi.

Alianza asubuhi, kwenye meza ya dirishani. Daraja jembamba: alipomwoa mama wakiwa hawana mbele wala nyuma. Watoto wanavuka, wawili: kaka na mimi. Mimi alinichora mdomo wazi, nikacheka, maana kweli sijawahi kuufunga. Mlima mkali: mwaka mama alipougua. Mimi nabahatisha, yeye anaitikia kwa kichwa au anagonga meza kunikatalia.

Kisha akachora kona kali ya kushoto. Akasita, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake: 41. Ndivyo walivyofanya karakanani. Nyuma ya kila bango waliandika kilomita litakaposimikwa.

Kilomita ya arobaini na moja ndipo lori la kaka lilipoporomoka, asubuhi ya ukungu, barabara haijatimiza wiki mbili tangu ifunguliwe. Kaka hakuwahi kuipita kabla ya siku hiyo. Baba alisema wifi ndiye aliyemuua, kwa sababu walikuwa wamegombana kabla hajatoka. Nami maneno hayo niliyadaka kwa mikono miwili. Masanduku ya wifi niliyatoa nje mimi mwenyewe, watu wakitazama, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Ni miaka kumi na mmoja sasa.

"Lakini ile kona ni ya kulia, baba," nilisema.

Aliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, mchoro ukitazama nje. Mwanga ukapenya, na kwa upande wetu kona ikawa ya kulia.

Nikakumbuka kiolezo chake cha bati, alichokilaza juu ya bango ili apake rangi. Kilikuwa kimoja kwa kona zote. Ukikilaza hivi unapata kushoto, ukikigeuza unapata kulia. Siku alipopaka bango la arobaini na moja hakukigeuza. Kaka aliifuata alama ya baba yake ndani ya ukungu. Na bango lililopo pale leo linaonyesha kulia, kwa hiyo kuna mtu aliyekwenda kulibadilisha kimyakimya.

"Ulijua siku zote?"

"Basi," alisema, machozi yakimwingia mdomoni.

Nilimchukia pale pale, nikamwonea huruma, nikajichukia mwenyewe zaidi. Namba ya wifi nilikuwa nayo, uso wa kuipiga ndio sikuwa nao. Niliipiga. Nilimweleza la kiolezo, la bango, la masanduku, bila kujitetea.

"Nataka aseme mwenyewe," alisema wifi.

Niliiweka simu mezani, sauti juu. Baba alifungua mdomo, likatoka lile neno lake moja. Akajaribu tena, likatoka lilelile. Wifi alikuwa anasubiri, tulimsikia akihema. Baba akaibandua karatasi dirishani, akaielekeza kwenye simu, akaishikilia hapo.