Herufi ya Mashine ya Saiklostaili

Nilijua wiki nzima kabla ya siku yenyewe kwamba mashine yangu imehukumiwa. Nilijua kwa sababu hukumu niliichapa mimi, kwa mashine hiyohiyo.

Ilikuwa mwaka wa 2004. Chuo chetu kiko nyuma ya Woodley, ukiiacha Ngong Road, na mimi nilikuwa mchapaji wa saiklostaili hapo miaka ishirini na miwili. Karani anapiga taipu kwenye stenseli, mimi naivisha stenseli kwenye pipa la mashine, natia wino, nazungusha mkono, karatasi zinatoka. Mitihani, barua za wazazi, notisi za kukataza hiki na kile. Kompyuta zilikuwa zimeletwa, sita, zikafunikwa vitambaa na kufungiwa chumbani zikimngoja mtaalamu. Wakubwa wetu ndivyo walivyo. Wananunua kwanza, halafu ndipo wanatafuta mtu anayejua.

Basi naibu wa mkuu, Bwana Wachira, akanitumia stenseli ya vitu vya kuondolewa stoo. Nakala sita, haraka. Ukurasa wa pili, namba arobaini na moja: mashine ya kuchapa, ya mkono, moja. Mbele yake herufi U.

Herufi hizo kila mfanyakazi alizijua. S ni serviceable: kitu kinarudi kazini. O ni obsolete: kinauzwa kwa zabuni, na hata mfagiaji anaruhusiwa kutia bahasha yake sandukuni. U ni unserviceable: kinapakiwa kwenye lori la vyuma kuukuu, kikapondwe nyundo. Lori lenyewe lilikuwa la shemeji yake Wachira. Sisemi zaidi.

Mimi mashine ile niliitaka. Ephantus, muuza karatasi wa River Road, alikuwa amenipa nafasi chini ya ngazi karibu na duka lake, yeye na taipu yake, mimi na mashine, kama nitaipata. Watu wa makanisa wanataka ratiba za mazishi, wanazitaka leo, na umeme wa River Road ukipotea mkono wangu haupotei nao. Lakini kama ingepanda lori lile, ningebaki na mikono mitupu.

Sasa utauliza, mtu wa darasa la nne alijulia wapi maneno ya Kiingereza kuliko deputi. Nilijulia kazini. Kila Januari mwalimu Odero wa Kiingereza alinipa stenseli moja, ileile, ya asili ya maneno ya kufaa na kutofaa. Nakala mia tatu. Zile zilizochafuka wino nilikwenda nazo nyumbani, mke wangu Mwelu akafungia mandazi aliyouza getini. Mwelu alifika darasa la saba. Hakufunga andazi kabla hajasoma karatasi.

"Baba Kasyoka, sikia hii," ananiambia, mwiko mkononi. "Use, kutumia, wameitoa kwa Warumi, usus. Kwa mama huyohuyo akazaliwa utensil, chombo cha jikoni. Na usury, riba."

"Sufuria na riba ni ndugu?"

"Tumbo moja. Kwani wewe huoni vile zote zinakula?"

Siku nyingine ilikuwa service. Karatasi ilisema imetoka kwa servus, yaani mtumwa. Nikasema Wazungu hawana haya, kumwita mtu mtumwa na kumvalisha tai. Mwelu akanitazama.

"Na sisi? Tuma, tumia, mtumwa, mtumishi. Wewe si ni mtumishi? Jihesabu uko wapi hapo."

Alicheka mpaka mandazi yakaungua upande mmoja, na hayo tukala wenyewe.

Alifariki mwaka wa 2001, kifua. Niliomba ruhusa ya kumpeleka hospitali. Barua ilikaa mezani kwa Wachira Jumatatu hadi Alhamisi, yeye akiwa semina hotelini. Kuondoka bila barua ni kufutwa, na nyumba ni ya chuo. Nikabaki nikichapa. Ijumaa asubuhi hakuamka. Daktari hakusema ni barua iliyomuua. Mimi nasema. Kosa la kungoja nalibeba mwenyewe, lakini si langu peke yangu. Nusu ni yao.

Siku ya ukaguzi walikuja watatu: Wachira, Madam Veronicah wa uhasibu akiandika kumbukumbu, na Bwana Oyoo, mgeni aliyetumwa kutoka ofisi kubwa za mjini ili mambo yaonekane ya haki. Chaki nilipewa mimi, kama miaka yote. Desturi yetu ni kwamba Wachira anasoma orodha, mimi naandika herufi, hakuna anayegusa kitu. Viti, U. Majiko, U. Feni iliyokuwa inazunguka mbele ya macho yetu, U. Niliandika zote. Sikuwa nimekuja kuokoa feni.

"Arobaini na moja," akasoma Wachira. "Mashine. U."

Nikashusha chaki.

"Deputi, hiyo si herufi yake."

"Mzee Ngui, tuko na stoo mbili zimebaki. Andika twende."

"Unserviceable ni kitu kisichoweza kutumika. Hii inatumika."

"Ati nini?" Akamgeukia Oyoo. "Huyu ameishia class four. Leo anatufunza Kizungu."

"Mwache atufunze," Oyoo akasema. Alikuwa mtu mnene, amechoka kusimama, akakalia kiti kimoja cha U. Kikamshika vizuri tu. "Endelea, mzee."

"Hizo karatasi mmeshika, kila mtu yake, zimetoka wapi?"

Wakazitazama. Madam Veronicah alikuwa wa kwanza kuelewa. Alijifunika mdomo kwa orodha. Oyoo aliinua yake dirishani, akapitisha kidole kwenye herufi, kikachafuka.

"Umechapa lini?"

"Jumatano, bwana. Kwa hii."

"Kwa hivyo mashine imeandika yenyewe kwamba haiwezi kuandika."

"Hiyo ni typing error ya secretary," Wachira akasema.

"Secretary alikosea zote?" Oyoo akauliza, akitikisa miguu ya kile kiti. "Ama tuanze kukagua upya, kutoka namba moja? Mimi sina haraka. Nimelipiwa siku nzima."

Wachira akakunja orodha yake. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Basi mambo ni rahisi," Oyoo akaniambia. "Inafanya kazi, andika S. Ibaki hapa, na wewe ubaki nayo. Umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Si hivyo? Andika S, mzee."

Hapo sikuwa nimejitayarisha. Wiki nzima nilikuwa nimepanga namna ya kupigana na U, na sasa naletewa S kwenye sahani: mshahara, nyumba, miaka mitatu ya amani. Wachira mwenyewe aliitikia kwa kichwa, maana S ingefunga mjadala na viti vingepanda lori la shemeji bila kukaguliwa upya.

Nikaitazama mashine. Nikajiona niko hapo hata mwaka kesho, mlango ukigongwa, stenseli ikiletwa bila salamu. Nikiomba ruhusa ya kuugua. Na siku kompyuta zitakapofunuliwa, Wachira atarudi na lori, Oyoo akiwa kwao.

"Si S, bwana. Ni O."

"Mzee, umesikia nilichokupea?"

"Nimesikia, na ninashukuru. S ni ya servus, mtumwa. Nimemaliza. Obsolete haina ubaya kwa kitu. Maana yake ya kale ni kilichotoka katika mazoea. Hakijaharibika. Ni ninyi mmeacha kukizoea."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Mwalimu Odero. Nilimchapia nakala mia tatu kila mwaka."

Wachira akadakia. "Na mashine ikiwa O, wewe utakuwa unafanya nini hapa? Nitakuandikia barua leo leo. Redundant. Hiyo pia unajua?"

"Hiyo naijua. Ni mtu aliyezidi kazini; asili yake ni maji yaliyojaa yakamwagikia ng'ambo ya ukingo. Niandikie, deputi. Na uipige taipu vizuri, kwa sababu mchapaji hamtakuwa naye."

Madam Veronicah aliandika O kwenye kumbukumbu kabla sijaiandika mimi kwenye chuma. Niliichora kubwa.

Bahasha zilifunguliwa Ijumaa kantini, mbele ya wafanyakazi wote. Za namba arobaini na moja zilikuwa mbili. Moja ya shemeji, ambaye alikuwa amekisia uzito na kuandika bei ya chuma. Nyingine yangu. Mimi sikukisia kitu. Nilijua ratiba moja ya mazishi inaleta nini, nikaandika bei ya mashine. Madam Veronicah alisoma jina langu mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi, na kule jikoni mtu akagonga sufuria.

Nyumba ya chuo niliwaachia mwisho wa mwezi. Nilipata chumba Kawangware, kidogo, mlango unaangalia choo. Sitasema ni kizuri. Mwanangu Kasyoka alinilaumu kwenye simu, akauliza nani anaacha miaka mitatu ya mshahara kwa ajili ya pipa la wino. Nikamwambia mimi. Akaniuliza kama ninakula.

Jumatatu ya kwanza River Road umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Maduka ya fotokopi yalikuwa yamefungua milango, wenyewe wamekaa nje. Akaja mama mmoja, Anita, amevaa leso nyeusi kichwani, na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Mume wake anazikwa kesho. Alikuwa ameshafukuzwa maduka manne.

"Nakala mia mbili," akasema. "Mnaweza kweli?"

Ephantus alivuta taipu. Mimi nilimpangusia mama kiti, nikamwambia akae atusomee majina ya watoto polepole, tusije tukamkosea hata mmoja.